Maswali ya wasomaji: Kuficha bomba la gesi ukutani

Barua nyingi zilizotufikia zinauliza jambo moja kwa sura tofauti. Mtungi umetolewa nje, chumba cha jiko kinapigwa vigae na kuwekewa makabati mapya, na sasa kuna bomba la gesi katikati ambalo hakuna anayetaka kuliona. Linaweza kufichwa. Lakini majibu yote hapa chini yanasimama juu ya sharti moja: kinachofukiwa kiwe kipande kimoja kizima cha bomba, na kila penye kiungio, nati au koki pabaki mahali ambapo mkono unafika na pua inanusa. Vipimo vya umbali na kina tunavyovitaja vinafuata utaratibu wa mafundi gesi wa Uingereza. Palipo na kanuni kali zaidi nchini kwako, fuata hizo. Msimamizi wa masuala ya gesi ni EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya.

Ndugu wahariri, mtungi wetu wa kilo 15 umehamishiwa nje, nyuma ya nyumba. Fundi anataka kutindua ukuta wa ndani, mita nne za ulalo, apitishe bomba la kopa hadi kwenye jiko, kisha afunike kwa lipu na vigae. Ukuta ni wa tofali za inchi sita. Je, tumruhusu? – Baba mwenye nyumba, Mbezi

Ndugu yetu, kabla ya kumruhusu muulize kwa nini bomba lipite ndani. Ikiwa jiko limeegemea ukuta wa nje, au liko karibu nao, bomba lipite upande wa nje wa ukuta huo, kwenye hewa, litoboe na kuingia nyuma ya jiko tu. Ndani halitaonekana hata kidogo, na likivuja gesi itapeperukia uani badala ya kujikusanya chini ya vigae vyako. Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko zote, na inashangaza jinsi inavyosahaulika. Bomba la kopa la milimita 15 lifungwe klipu kila mita 1.5 linapolala na kila mita 2 linaposimama. Likipita mahali watoto wanachezea mpira au gari linarudi nyuma, likingeni kwa pembe ya chuma.

Pale linapotoboa ukuta, lisigusane na saruji. Toboeni tundu, ingizeni ala, yaani kipande cha bomba pana kidogo kinachofika pande zote mbili za ukuta bila kukatika katikati, halafu bomba la gesi lipite ndani ya ala hiyo. Upande wa ndani wa nyumba, nafasi kati ya ala na bomba izibwe kwa silikoni au gundi nyingine isiyokauka ikawa ngumu. Upande wa nje iachwe wazi. Sababu ni kwamba bomba likitoboka ndani ya ukuta, gesi itafuata ala na kutoka nje. Mafundi wengi huziba pande zote mbili wakidhani wanafanya usafi, na hapo ala inakuwa chupa ya kuhifadhia gesi. Wengine huziba nje na kuacha ndani wazi, jambo ambalo ni baya zaidi. Ikiwa mvua inapiga ukuta huo, ala iinamishwe kidogo kuelekea nje.

Kama hakuna budi kutindua, mita nne za ulalo hazifai. Kanuni ya ujenzi ni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa ulalo usizidi sehemu moja ya sita. Ukuta wenu una milimita 150, kwa hiyo wima mnaruhusiwa hadi milimita 50, lakini ulalo ni milimita 25 tu. Bomba la milimita 15 likiwa ndani ya ala ya milimita 25 limeshajaza nafasi yote, na lipu itakayolifunika itakuwa nyembamba kiasi kwamba msumari wa saa ya ukutani utalifikia. Zaidi ya hayo, mtu anayetoboa ukuta hutarajia kukuta bomba juu au chini ya koki anayoiona. Hatarajii kulikuta limekatiza katikati ya ukuta mtupu. Kwa hiyo bomba lilale juu karibu na dari likiwa wazi, au nje, kisha lishuke wima hadi kwenye koki. Mshuko huo peke yake ndio ufukiwe. Lipu ya chini kabisa inayokubalika juu yake ni milimita 5, lakini mahali panapotundikwa makabati sisi tunataka milimita 20, na juu ya mfereji bati la chuma lenye unene wa milimita moja na nusu ili drili igome kabla ya kulifikia bomba. Kama tofali ni zile zenye matundu ndani, msitindue kabisa, kwa sababu gesi ikipata njia humo itatembea ukuta mzima na kutokea chumbani kwa watoto.

Waya za umeme zikae angalau milimita 25 kutoka kwenye bomba. Swichi, soketi na meinswichi zikae angalau milimita 150. Msikubali bomba la gesi lipite kwenye mfereji mmoja na waya kwa kisingizio cha kupunguza kutindua.

Kuhusu bomba lenyewe, mafundi wengi hutumia kopa ya rola, ile ya inchi 3/8 inayofungwa kwenye viyoyozi, na kuiunga kwa kutanua mdomo na kukaza nati. Kopa hiyo yenyewe haina ubaya. Tatizo ni nati, kwani hulegea kwa mtikisiko na kwa joto linalopanda na kushuka, na haziruhusiwi kufukiwa kamwe. Rola huwa na mita 15 hivi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuunga katikati ya ukuta. Kata kipande kimoja, kikunje kwa springi ya kukunjia ili kisibonyee, na viungio vibaki ncha mbili tu. Jambo la pili ni upana. Jiko la plate nne na oveni likiwashwa lote linakula takriban kilowati 10, sawa na gramu 800 hivi za gesi kwa saa. Kwenye bomba la 3/8 la mita 10, mtiririko huo unapoteza presha ya kama milibari 2 kati ya 30 zinazotoka kwenye regulata, na hapo ndipo ukomo ulipo. Kona kali zikiongezeka, moto wa plate kubwa unaanza kusinyaa oveni ikiwaka. Bomba la milimita 15 kwa urefu huohuo hupoteza chini ya robo ya milibari. Ukishafukia huwezi kubadilisha, kwa hiyo kwa umbali wowote unaozidi mita 6 tungechukua milimita 15.

Regulata ibaki nje, kwenye mtungi, ili bomba linaloingia nyumbani libebe milibari 30 tu. Zile regulata za presha kubwa za majiko ya hoteli, zenye kishikio cha kuongeza na kupunguza, zisifungwe kwenye bomba la nyumba. Mtungi usimame wima, kichwa chake kikae angalau mita moja kutoka kwenye mlango, dirisha au tundu la hewa lililo chini ya usawa wake, na mita mbili kutoka kwenye mtaro au chemba isiyofunikwa vizuri.

Habari zenu. Mimi niko Nyali. Fundi wa mifereji amenishauri tutumie PPR kwa sababu haishiki kutu ya chumvi na viungio vyake huyeyushwa vikawa kitu kimoja. Amesema ikihimili maji ya moto itahimili gesi. – Mama wa watoto watatu, Mombasa

Mama, kataa. PPR ni bomba la plastiki la maji. Moto mdogo jikoni ukiulainisha ukuta wake, gesi inamwagika na kuulisha moto huohuo. Kopa na chuma huvumilia muda wa kutosha mtu kukimbilia koki. Hata yale mabomba ya plastiki ya njano yanayotumika kwa gesi yametengenezwa kuzikwa ardhini nje ya nyumba, hayafungwi ndani. Yapo mabomba ya tabaka, plastiki ndani na nje na karatasi ya alumini katikati, yaliyoidhinishwa kwa gesi. Hayo lazima yawe yamechapishwa hivyo mwilini mwake. Ya maji yanafanana nayo sana, kwa hiyo soma maandishi, usitazame rangi.

Hofu ya chumvi, hata hivyo, ni ya haki. Pwani yetu mchanga wa baharini huingia kwenye lipu ama kwa kujua ama kwa bei rahisi, na chumvi iliyomo, ikipata unyevu wa sinki, hula bomba la chuma lililopakwa zinki na hata kopa. Dawa yake ni kutumia kopa iliyovikwa ganda la plastiki kiwandani, au kulipitisha bomba zima ndani ya ala ya plastiki, na kufunika mfereji kwa saruji yenye mchanga wa mtoni. Kopa isigusane na nondo, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu moja huliwa. Na chuma kisifukiwe kwenye plasta ya jipsamu bila kufungwa tepu ya kuzuia kutu.

Kuna vitu viwili zaidi vya mfereji wa maji visivyofaa kwa gesi. Katani na rangi kwenye hesi, yale meno ya kukazia bomba: maji huilowesha katani ikavimba na kuziba, lakini gesi ni kavu, katani hunyauka na kiungio kinaanza kuvuja miezi kadhaa baadaye. Tumia tepu nene ya gesi, ya njano. Na mpira wa bustani, kwa sababu gesi ya mtungi huulainisha na kuupasua.

Nataka jiko langu likae kwenye meza ya katikati ya chumba. Njia pekee ni kupitisha gesi sakafuni. Zege bado halijamwagwa. – Dada wa Arusha

Dada, umeuliza kwa wakati, kwani zege likishakauka jibu lingekuwa gumu zaidi. Bomba liwe moja, bila kiungio, kutoka ukuta wa nje hadi litakapochomoza chini ya meza. Liwekwe kwenye ala inayoendelea bila kukatika. Ncha ya ala ya nje ya nyumba ibaki wazi, inyanyuliwe juu ya usawa wa ardhi ili maji ya mvua yasiingie. Ncha ya chini ya meza izibwe. Juu ya bomba pawe na angalau milimita 25 za zege. Chagua njia fupi na iliyonyooka, na usiipitishe chini ya sinki, bafu au mlango unaotarajiwa kuwekewa kizingiti cha kupigiliwa.

Tunasisitiza ala kwenye sakafu kuliko popote kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu hadi mara mbili. Ikivuja chini ya vigae haipandi. Hutambaa kwenye uwazi wowote ulio chini, huingia kwenye mtaro wa maji machafu, na hutokea mbali na mahali palipotoboka. Tena, ile harufu kali inayochanganywa kiwandani ili tuitambue gesi huweza kupungua inapopenya kwenye udongo, kwa hiyo pua peke yake haitoshi.

Chini ya meza weka koki inayofikiwa bila kufungua skrubu, na mpira mfupi kutoka hapo hadi kwenye jiko, usiozidi mita 1.5. Mpira wenyewe haupitishwi ukutani, sakafuni wala katikati ya kabati mbili. Muda wa kuubadilisha umechapishwa mwilini mwake. Ukiona nyufa unapoukunja, usisubiri tarehe.

Seremala amelifunika bomba kwa boksi la MDF na sasa hata mtungi wa kilo 13 umo kwenye kabati chini ya sinki. Jiko limependeza sana. Je, kuna la kuongeza? – Msomaji wa Ruaka

La kuongeza ni kuutoa mtungi humo leo. Kabati la kawaida la sentimita 60 kwa 60 na kimo cha 90 lina lita 324 za hewa. Gesi ya mtungi huweza kushika moto ikifika takriban asilimia 2 ya hewa, yaani lita sita na nusu hivi. Hizo ni gramu 13. Mtungi wako una kilo 13. Regulata isiyokaa sawasawa baada ya kubadilisha mtungi inaweza kuvujisha kiasi hicho wakati familia imelala, na asubuhi mtu anafungua kabati huku swichi ya taa iko pembeni yake.

Boksi la bomba halina ubaya likipewa hewa. Kwa gesi ya mtungi tundu muhimu ni la chini kabisa, usawa wa sakafu, na lingine la juu ili hewa izunguke. Tunashauri kila tundu liwe na wavu wa angalau sentimita 10 kwa 10, na boksi refu liongezewe mengine njiani. Matundu yafunguke chumbani au nje, yasifungukie ndani ya kabati jingine lililofungwa. Boksi lifungwe kwa skrubu mbili tatu zinazoonekana badala ya gundi na misumari, ili paneli iweze kuondolewa. Koki isiwe nyuma ya droo. Tumeona michoro mingi ya makabati ambapo koki inafikiwa baada ya kutoa droo tatu zilizojaa sufuria, na moto hauwezi kumsubiri mtu atoe sufuria.

Dari la jipsamu lililoshushwa nalo ni boksi. Bomba la gesi lisipite humo bila matundu ya hewa.

Mimi ni fundi kijana, nimejifunza kuunga kopa lakini sijafundishwa vizuri kupima. Wengi tunapaka povu la sabuni tunaondoka. Kipimo sahihi kabla ya kufukia ni kipi? – Dodoma

Swali hili tungependa kila mwenye nyumba alisome pia, asimame pale fundi anapopima. Povu linaonyesha kiungio ulichokipaka tu. Halikwambii kuhusu bomba lililopasuka kwenye kunja, wala tundu la msumari lililo nyuma ya lipu. Kinachohitajika ni kufunga bomba zima likiwa na hewa ndani na kutazama kama presha inashuka.

Ondoa regulata na jiko. Ziba ncha ya jiko kwa kifuniko cha hesi. Kwenye ncha nyingine funga tii, kiungio cha njia tatu, yenye koki mbili: moja ya kuingizia hewa kwa pampu ya baiskeli, nyingine ya kipimo. Kipimo bora ni mpira mwangavu uliokunjwa umbo la U kwenye ubao wa mita moja, uliojazwa maji yenye rangi hadi nusu. Milibari moja ni tofauti ya milimita 10 hivi kati ya maji ya upande huu na ule. Kwa mfumo wa milibari 30 pampu hadi 60, yaani tofauti ya milimita 610 hivi. Funga koki ya pampu na uipake povu, kwani mara nyingi hiyo ndiyo inayovuja. Subiri dakika 15 hewa ya ndani ilingane na joto la bomba, weka alama, kisha subiri dakika 30. Maji yasisogee.

Kwa nini maji na si geji ya kompresa? Bomba la milimita 15 lenye urefu wa mita 10 lina lita moja na nusu hivi ndani yake. Likipoteza mililita moja na nusu tu ya hewa, maji yanashuka milimita 10, na unaliona kwa macho. Geji ya bari 10 haina uwezo huo. Sindano yake ni nene kuliko badiliko unalolitafuta.

Usahihi huo una gharama yake. Joto la hewa ndani ya bomba likibadilika nyuzi moja tu ya Selsiasi, presha inabadilika karibu milibari tatu na nusu, yaani milimita 35 za maji. Wingu likifunika jua juu ya bomba la nje, utaapa kwamba linavuja. Jua likitoka, uvujaji halisi utafichwa na hewa inayotanuka. Pima alfajiri au jioni, au bomba likiwa kivulini lote, na usiliguse kwa mikono wakati wa kusubiri.

Maji yakishuka, ndipo povu linapopata kazi: kijiko cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye glasi ya maji, kila kiungio kwa brashi, kisha osha na ukaushe, maana sabuni ikiachwa hula shaba. Usitafute uvujaji kwa kiberiti. Na usipandishe presha kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea. Oksijeni ikikutana na mafuta au grisi ndani ya bomba inaweza kulipuka yenyewe.

Bomba linalovuja kwenye sehemu itakayofukiwa halizibwi wala kupakwa gundi. Kipande kizima kinatolewa na kuwekwa kingine. Tukisema hivi mafundi hulalamika kwamba ni hasara ya kopa, lakini hiyo ni hasara ya siku moja.

Kipimo kirudiwe baada ya lipu na vigae, kisha tena baada ya makabati kutundikwa. Mafundi wanaotoboa bomba la gesi mara nyingi si wa gesi. Ni seremala na fundi vigae. Kwa hiyo kuna desturi tunayoipenda: acha bomba likiwa na hewa, si gesi, na ubao wa maji ukiwa umefungwa, muda wote seremala anapotoboa. Drili ikigusa bomba maji yanaanguka papo hapo na kila mtu anaona, kabla ya tundu kufunikwa na kabati.

Siku ya kufungua gesi, fungua madirisha na uwashe plate moja kwanza hadi hewa iliyobaki bombani itoke na moto utulie wa bluu.

Nimenunua nyumba ya zamani. Kuna koki ya gesi nyuma ya jiko lakini sijui bomba limepita wapi. Nataka kubadili vigae. – Kaka wa Thika

Funga mtungi na uutoe kabisa kabla mtu hajashika tindo. Tafuta mahali bomba linapoingia kutoka nje, kisha pitisha kitafuta metali ukutani kati ya hapo na koki. Chagua kile kinachotambua kopa, kwa sababu vingine huona chuma tu. Anza na wima ya juu na chini ya koki, halafu mstari ulionyooka hadi kwenye tundu la nje, maana fundi mvivu hukata kona. Pampu hewa upime kama tulivyoeleza. Likivuja, usihangaike kutafuta tundu: katisha bomba la zamani, lizibe ncha zote mbili, liache limekufa ukutani, na upitishe jipya nje. Hata likiwa zima, ikiwa linakatiza ukuta kwa ulalo tungeliacha na kupitisha jingine.

Utakapomaliza, piga picha za mfereji ukiwa wazi, futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa kutoka kwenye kona ya chumba na kutoka sakafuni. Chapisha moja uibandike ndani ya mlango wa kabati. Simu hupotea, na nyumba huuzwa.

Napanga kwenye fleti yenye gesi ya pamoja inayotoka kwenye matangi ya jengo, na mita iko jikoni. Naweza kuisogeza mita nyuma ya kabati? – Mpangaji, Nairobi

Hapana, usiiguse. Mita na koki yake ni vya mfumo wa jengo, na bomba hilo linaendelea kwa jirani. Mwombe mwenye jengo alete fundi wake mwenye leseni. Unaloweza kufanya mwenyewe ni kulipaka bomba rangi ya ukuta, ukiacha koki na maandishi ya mita bila rangi.

Sisi tumeunganishiwa gesi asilia ya TPDC, shirika la petroli la Tanzania. Je, yote mnayoandika kuhusu mtungi yanatuhusu? – Familia ya Sinza, Dar es Salaam

Karibu yote, ila mkumbuke tofauti mbili. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, uzito wake ni kama sita ya kumi ya hewa. Ikivuja hupanda. Kwa hiyo kwenye boksi la kufunika bomba tundu la juu kabisa ndilo la lazima kwenu, na dari la jipsamu lisilo na matundu ni hatari zaidi kwenu kuliko kwa mwenye mtungi. Inashika moto kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa.

Ya pili ni jiko. Pua za plate, vile vitundu vidogo vinavyorusha gesi, ni pana zaidi kwa gesi asilia. Jiko la mtungi likifungwa kwenye gesi asilia bila kubadilishwa pua moto unakuwa dhaifu. Jiko la gesi asilia likirudishwa kwenye mtungi moto unaruka juu, wa njano, wenye masizi na gesi yenye sumu ya monoksidi ya kaboni. Mkihama au mkiuza jiko, mwambieni anayelichukua.

Bomba kutoka mtaani hadi kwenye mita si la kufichwa wala kusogezwa na fundi wenu. Hata mkijenga ukuta mpya au kibaraza mbele ya mita, acheni mlango wa wavu unaofunguka bila ufunguo, na mwiteni mtoa huduma kabla ya kuchimba msingi wowote upande huo wa nyumba.